Kinga ya mikono: vipimo vya kuangalia mbele ya kuchomelea

Kinga ya mikono ni kinga ya magurudumu matatu, ya mutu ambaye miguu yake haimubebi. Anakaa katika kiti, anazungusha pedali na mikono mbele ya kifua, na munyororo unapeleka nguvu kwenye gurudumu. Walemavu wa Kinshasa waliitumia tangu zamani kwa kuvusha bidhaa kwenda Brazzaville. Huko Goma pia, wachuuzi wanavuka nayo mpaka wa Rwanda.

Wengi wenye kuitumia walishikwa na polio katika utoto. Si habari ya zamani tu: mwaka 2017, hapa Maniema, kulionekana virusi vya polio vilivyobadilika kutokana na chanjo. Virusi hivyo vinaenea pale watoto wengi hawajachanjwa.

Kiti kwanza

Mutu aliyevunjika uti wa mugongo mara nyingi hasikii maumivu kwenye matako. Kiti kigumu kinamutoboa ngozi pasipo yeye kujua; kidonda kinaingia mpaka mufupa, na kinaweza kumuua. Basi, mbele ya fundi kuchomelea chuma, apime mwenye kukaa:

- Upana wa kiti ulingane na upana wa nyonga.
- Nyuma ya goti kubaki nafasi ya vidole viwili.
- Miguu ikanyage ubao, isining'inie.
- Sponji nzuri iwekwe chini, na mutu ajiinue na mikono mara kwa mara.

Katika nchi za theluji, walemavu wanateremuka milima wakikaa katika kiti kilichofungwa juu ya ubao wa kutelezea. Huko pia kiti kinafuata mwili wa mutu, si mutu kufuata kiti.

Barabara na nyumba

Kwa matope na muchanga wa Kasongo na Kabambare, tairi pana ni bora. Chagua vipande vya kinga ya kawaida: munyororo ukikatika, fundi wa sokoni atautengeneza siku ile ile. Lakini kinga hii ni ndefu, haigeuki katika chumba ao chooni. Kwa hiyo mutu anahitaji pia kiti kidogo cha magurudumu ao magongo ya nyumbani.

Kongo ina sheria ya haki za walemavu tangu tarehe 3 Mei 2022. Wewe unayetaka kumununulia ndugu yako, usiende kwa fundi peke yako. Mupeleke mwenyewe, apimwe.