Mbiu Haikunifikia

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwangu mimi mbiu ililia, jambo likawapo, na sikusikia kitu. Ndiyo maana leo naandika haya nikiwa sina kazi.

Nilikuwa kibarua katika ofisi moja hapa Morogoro, mji kasoro bahari. Ofisi yenyewe sitaitaja, maana sijakata tamaa ya kurudi. Kazi yangu ilikuwa kuchukua fomu za wakulima vijijini na kuziingiza kwenye kompyuta. Mazungumzo yote ya ofisi yalifanyika ndani ya programu ya kufanyia kazi pamoja, moja ya hizi zenye vyumba vya maongezi, kila chumba na shughuli yake. Siku ya kwanza kijana wa kompyuta akanifungulia ukurasa wa mipangilio, akaniuliza, "Arifa za barua pepe unataka zikujie vipi, mshikaji?" Kulikuwa na njia tatu. Uletewe barua kwa kila neno linalosemwa, uletewe pale tu jina lako linapotajwa, au usiletewe kabisa. Nikachagua ile ya katikati. Usiku mimi naandika riwaya, bwana, sikutaka simu inililie kila mtu anapouliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Basi mwezi wa tatu wa kibarua nikatumwa Mvuha na fomu za karatasi, siku nne. Huku nyuma bosi akaandika katika chumba cha wote: anayetaka mkataba wa miezi sita alete barua ya maombi na nakala ya cheti kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Hakutaja jina la mtu yeyote. Na kwa kuwa hakutaja jina, ile mashine, kwa utii wangu mwenyewe niliouamuru, ikanyamaza. Jumatatu nafika, kiti changu kimekaliwa.

"Tangazo lilitoka," nikaambiwa. "Hukusikia?"

Nikachoka. Nikapanda gari la Matombo kwa bibi yangu mzaa mama.

Msomaji ambaye hujafika Uluguru, njia ni hii: unatoka mjini unapita Bigwa, halafu Kiroka, halafu Mkuyuni, barabara ikizunguka ubavu wa milima, migomba na minazi chini, mawingu juu. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi huko ni ya ukoo, hivyo kwa bibi mzaa mama ndiko kwangu hasa. Nikamweleza bibi mkasa wangu tangu mwanzo. Mambo ya programu niliyaeleza kwa kuzunguka sana. Yeye akaninyamazia, akaendelea kupepeta mchele, kisha akauliza swali moja tu.

"Sasa mjukuu wangu, huyo aliyepiga mbiu alimpigia nani?"

Swali hilo ndilo lililoniingiza katika historia hii. Shuleni tulisoma vita na mikataba, lakini hatukusoma namna watu walivyoitwa: waliitwa na nani, kwa chombo gani, na nani aliachwa nje ya mwito.

Mbiu yenyewe ni pembe la mnyama linalopulizwa. Uzuri wake, na ubaya wake pia, ni kwamba haichagui sikio. Aliye shambani anasikia, mgonjwa anasikia, mwizi naye anasikia. Wazee waliotaka kuchagua sikio walitumia mdomo. Kabla ya Maji Maji ya mwaka 1905 watu wa Umatumbi walipeana habari kwa njia waliyoiita njwiywila, yaani mnong'ono wa siri, mtu kwa mtu na ukoo kwa ukoo. Kinjeketile Ngwale alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini mnong'ono ulikwisha kutoka mikononi mwake, na vita ikasambaa kusini yote hata kukaribia huku kwetu. Mdachi alikuwa na waya wa simu. Wenyeji walikuwa na orodha ya watu wanaoaminika. Kwa miezi ile ya mwanzo orodha iliushinda waya.

Kisha ikaja zama ya chuma. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge nayo yakatanda kandokando. Nadhani hakuna Mtanzania asiyejua sauti ya kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kikigongwa kwa nondo, maana shule nyingi zimetumia hicho hicho, au ringi la gari, hadi leo. Kwa manamba wa mkonge kulikuwa na vipande viwili, na hapa Kiswahili chenyewe kinatucheka. Kipande cha chuma kilimwamsha mtu alfajiri, na kipande cha karatasi kilihesabu siku zake za kazi, siku 30 kwa kadi moja. Ukichelewa kazini, siku yako haiandikwi. Hapakuwa na mipangilio ya kusema niamshe nikitajwa jina tu.

Lakini nililopata kwa bibi ni la mwaka 1955, na hapo lazima nikae kidogo.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Waingereza iliona kuwa udongo wa Uluguru unaporomoka, na milima hii ndiyo chimbuko la mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji. Tangu mwaka 1950 ukaletwa mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Dawa yao ilikuwa matuta ya ngazi: mlima ukatwe kama vidato, mtu apende asipende. Amri ilishuka kutoka kwa bwana shamba na bwana wilaya, ikapita kwa chifu, ikapita kwa wandewa, ikafika mlangoni kwa mtu. Mkaidi alifikishwa barazani akatozwa faini. Kwenye sehemu nyingi za mlima udongo mzuri ni mwembamba, hivyo ukichimba ngazi unafukia rutuba na kuleta juu udongo mfu. Na kazi yenyewe ilikula siku za shamba, za wanawake hasa. Huko Mgeta, kwenye baridi na mboga za kuuza mjini, matuta yalikuwa na faida yake na watu wakayashika. Huku Matombo hayakuota chochote isipokuwa hasira.

Mwezi Julai 1955 watu wengi walikusanyika Matombo kukataa. Ghasia zikatokea, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. TANU, iliyokuwa imezaliwa Julai 7 mwaka uliotangulia, ilipata masikio mapya milimani, na ule mpango wa lazima ukafa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima juu ya kisa hiki mwaka 1960.

Bibi alikuwa msichana mdogo. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu wa kutafuta mwenzangu katika msiba, "Bibi, ina maana amri hazikuwafikia vizuri?"

Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Zilitufikia! Mtu wa mndewa alipita anapiga kelele alfajiri, unasikia hata ukiwa mtoni. Sisi tulisikia sana. Wao ndio walisema hatusikii."

Tazama neno hilo, nyie wenzangu mnaotaka kuwa waandishi. Katika lugha yetu kusikia ni kazi ya sikio, na kusikia ni kutii. Mtoto asiyesikia si kiziwi. Kila mwenye kupiga mbiu, tangu bwana shamba hadi bosi wangu, hutumia neno moja kwa mambo yote mawili, na akiulizwa hujificha katika lile linalomfaa. Mwaka 1955 walisema watu hawasikii, kumbe hawakubali. Mimi nimeambiwa sikusikia, na ni kweli, lakini aliyeniambia alitamka kama mtu anayemsema mtoto mtundu.

Baada ya uhuru chombo kikawa mtu, mjumbe wa nyumba kumi, na jina lake linajieleza. Yeye alijua nani kasafiri na nani mgonjwa, na tangazo akalibeba hadi kitandani. (Alibeba na mengine yasiyomhusu, wazee wanajua.) Kwa walio mbali kulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam na matangazo yake ya vifo, na kulikuwa na telegramu. Ile ya "mama mgonjwa njoo haraka" iliwapa ruhusa wafanyakazi wengi ambao mama zao walikuwa wazima kabisa wanatwanga. Shirika la posta na simu liligawanywa mwaka 1994, barua upande wake na simu upande wake, na telegramu ikafifia taratibu.

Wakati huo barua pepe ilikwisha kuwa mtu mzima kwa wenzetu. Mmarekani Ray Tomlinson aliituma ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao mwaka 1971, na ndiye aliyeichagua ile alama ya @. Tatizo likawa lile lile la mbiu: barua imefika, mwenyewe atajuaje? Pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1980, John Foderaro akaandika kijiprogramu cha kumshtua mtu barua inapoingia, akakiita Biff, jina la mbwa aliyekuwa akizurura chuoni. Watu wakazusha kwamba mbwa huyo alikuwa akimbwekea mleta barua. Ni uzushi mtupu, lakini umedumu kuliko mbwa. Kuwasha, unaandika biff na herufi y. Kuzima, biff na herufi n. Mbwa abweke au asibweke, basi.

Kwetu mtandao wa kasi ulikuja na waya wa SEACOM uliotua Dar es Salaam mwaka 2009. Ofisi zikahamia humo, na yule mbwa wa Berkeley akazaa watoto wenye tabia nyingi. Sasa unaweza kuamuru abweke kwa chumba hiki na si kile, abweke ukitajwa, asibweke usiku, akuletee barua kwa mkupuo mmoja kila saa, na barua yenyewe ije tu kama hukuwa umeifungua programu. Ni uhuru ambao manamba hakuuota. Ila kuna kitu nilikielewa nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa bibi. Mpiga pembe alijua sauti yake inafika wapi, aliuona mlima. Bosi wangu hakuona mipangilio yangu. Kwake yeye aliandika mahali pa wote, kwa hiyo amewaambia wote. Kwangu mimi wote hakuwa jina langu. Kati yetu hapakuwa na mjumbe wa kusema, jamani, yule kijana yuko Mvuha, mpigieni.

Kosa ni langu pia, sikatai. Nilichagua mwenyewe, kwa kidole changu hiki.

Usiku ule, kabla ya kulala, nilipanda kilimani nyuma ya nyumba ambako mtandao hushika, nikaingia kwenye mipangilio, nikabonyeza njia ya kwanza: kila ujumbe. Sijui nilikuwa najikomoa au nini. Kesho yake bibi akanifungia ndizi na nauli kwenye kitambaa, akasema nikifika nimsalimie huyo mbwa wangu.

Gari lilipokuwa linateremka kuelekea Mkuyuni mtandao ukashika, na simu ikaanza. Mlio, mlio, mlio, hadi kondakta akageuka. "Oya bro, unatafutwa na serikali?" Nikafungua. Barua pepe 17 kutoka ofisini. Kumi na sita zilikuwa za fomu za Mvuha, watu wanaulizana nani ameziandika vibaya hivi. Ya mwisho ilikuwa tangazo kwa wafanyakazi wote, pamoja nami: kila mtu aoshe kikombe chake cha chai.