Siasa na Moyo wa Kazi wa Mtumishi wa Serikali: Ushahidi wa Maneno Matatu

Makala haya yachunguza namna siasa ilivyogeuza moyo wa kazi wa watumishi wa serikali nchini mwetu tangu uhuru. Mashahidi wetu ni maneno matatu ambayo kila Mkongomani ameyasikia.

La kwanza ni «kifungu cha 15». Watu husimulia kwamba usemi huu ulitoka Kasai Kusini, jimbo lililojitenga mwaka 1960. Maana yake ni: jitafutieni wenyewe. Ulianza kama mzaha juu ya dola isiyolipa, ukaishia kuwa desturi ya ofisi.

La pili ni «matabishi», neno la asili ya Kireno, ambalo kwanza lilimaanisha bakshishi ndogo ya kinywaji. Chama cha MPR kilianzishwa mwaka 1967, na marekebisho ya katiba ya mwaka 1974 yakakifanya taasisi pekee ya nchi. Tangu hapo cheo kilifuata utii zaidi kuliko ujuzi. Mtumishi alimtazama aliyemteua, si raia aliyesimama mbele ya meza yake. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, na mshahara ukaliwa na ughali wa maisha, bakshishi iligeuka kuwa ada: bila matabishi, karatasi haikupigwa muhuri.

La tatu ni «motivasyo». Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikosa thamani, na migomo ikafunga shule. Wazazi ndio waliozifungua tena, kwa kumlipa mwalimu wenyewe. Mchango huo ndio ulioitwa motivasyo. Hivyo neno lililotaja hamu ya kazi likawa jina la fedha. Mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alirudishwa nyumbani. Serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma mwaka 2019, yaani baada ya kizazi kizima.

Yafaa basi kupinga kauli ya kwamba mtumishi wetu ni mvivu kwa tabia. Mwalimu yule hakuacha kufundisha, alimtumikia aliyemlipa. Siasa haikuua moyo wa kazi, bali iliutenga na dola. Atakayetaka kuurudisha aanze na mshahara unaotosha na cheo kitolewacho kwa haki. Mahubiri ya uzalendo peke yake hayatoshi.