Kwa nini tuseme ‘kubuluisha’

Tafsiri inayomjia mtu upesi kwa hatua inayofuata rangi ya hematoksilini katika maabara ya tishu ni ‘kutia buluu’. Kauli hiyo ina mwenyewe tayari: ni ya wafuaji, wanaoyeyusha buluu katika maji ya kusuuza ili shuka jeupe linywe chembe za rangi na umanjano ufichike. Maabarani hakuna buluu inayotiwa. Hematoksilini hutoka katika mti wa Amerika ya Kati, Haematoxylum campechianum. Ikishaoksidishwa huwa hemateini, na hemateini hushikizwa kwenye kiini cha seli kwa chumvi ya alumini, kwa kawaida shabu. Mchanganyiko huo ni wa asidi, na ndani ya asidi rangi yake ni nyekundu ya zambarau. Slaidi ikiingizwa katika maji yenye ualkali kidogo, rangi ileile iliyokwisha kushika hugeuka buluu na kuwa ngumu kuyeyuka. Majimaji yanayofanya kazi hiyo hayana rangi: ya Scott, kwa mfano, ni bikaboneti ya sodiamu na salfeti ya magnesiamu ndani ya maji, wengine hutumia amonia hafifu au kaboneti ya lithiamu.

Kwa hiyo napendekeza ‘kubuluisha’: kufanya kilichopo kiwe buluu, kama tunavyofupisha, tunavyosafisha na tunavyorahisisha. Ubora wake unaonekana mezani. Mwanafunzi aliyefundishwa ‘kutia buluu’ akiona viini vyekundu atadhani rangi haikutosha, atairudisha slaidi kwenye hematoksilini na kuikoleza kupita kiasi, ilhali ilihitaji alkali tu, au muda zaidi ndani yake. Tena atashindwa kueleza kwa nini alkali isiposuuzwa vizuri eosini, rangi inayotiwa baadaye, hushika kwa udhaifu, kwa kuwa eosini hupenda uasidi kidogo. Hematoksilini ya Weigert inathibitisha jambo hili kwa upande wa pili: inashikizwa kwa chuma badala ya alumini, viini hutoka vyeusi, na hatua hii haihitajiki kabisa.

Wapo watakaosema maji ya bomba yanatosha, basi tuite ‘kusuuza’ yaishe. Yanatosha pale yanapokuwa na ualkali. Maji yaliyotoneshwa husuuza vizuri sana lakini huacha viini na wekundu wao, na maji ya bomba yenye uasidi hufanya vivyo hivyo. Jina ‘kusuuza’ lingemficha fundi sababu hasa ya slaidi yake kuharibika. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ‘kubuluisha’ halisemi lolote kuhusu alkali, na mtu anaweza kubuluisha hata kwa kupaka rangi. Nakubali. Lakini ‘kugeuza buluu’, ambalo wengine wangelipendelea, linaweza kueleweka kuwa ni kuibadili buluu iwe rangi nyingine, na kosa hilo ni kubwa kuliko ukimya. Kasoro ya ‘kubuluisha’ inazibwa na fasili, nayo naiomba iandikwe hivi katika vitabu vya mafunzo: kubuluisha ni kugeuza hematoksilini ya shabu, iliyokwisha kushika kwenye tishu, kutoka nyekundu kuwa buluu kwa kuondoa uasidi wake.