Kingi, Kepteni na Mwimbishaji: Nani Bora Uwanjani Nyasa?

Ngoma ya mganda ikiisha, ubishi ndiyo unaanza. Kuanzia Lituhi kushuka Liuli hadi Mbamba Bay, na kupanda milima hadi Umatengo, waliokaa uwanjani kutwa nzima hawaondoki hivi hivi. Wanataka kujua kundi gani limeshinda, na zaidi ya hapo, nani alikuwa mchezaji hasa wa siku hiyo. Ni kepteni aliyeongoza mistari? Ni mpiga ngoma kubwa? Au ni kingi, mfalme wa kundi, ambaye hakunyanyua mguu, lakini wenzake wanaapa kwamba bila yeye pasingekuwa na mchezo? Ubishi huu unakaribia kutimiza karne, na ndani yake kuna swali moja lililobadilika sura kila kizazi: nani ana haki ya kuamua?

Mizizi ya mganda iko mbali na Ziwa Nyasa. Miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, yenye gwaride, sare na vyeo vya kifalme. Kila kundi lilikuwa na mpinzani wake, na ushindani ulipimwa kwa mavazi, kwa mashairi ya kumchoma mwenzako na kwa karamu. Wakati wa Wajerumani, wachezaji wa beni wa Tanganyika wakagawanyika kati ya makundi ya Marini na Arinoti. Marini walijiona mabwana, na Arinoti walijulikana kama watu wa kawaida. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyoisambaza ngoma hii, kwa sababu askari na wapagazi waliibeba kila walikopelekwa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi ilivyofika hadi Nyasaland, Malawi ya leo, na kuzaa watoto wapya, mganda ukiwa mmojawapo.

Vita hiyo ilifika pwani ya Nyasa yenyewe. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliingia Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, na kuipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia nahodha wa Kijerumani. Inasimuliwa kwamba alipiga makasia hadi kwenye meli ya adui, ambayo nahodha wake alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, akamuuliza kwa hasira kama amelewa. Akakamatwa. Sidhani kama kuna kundi la beni lililowahi kubuni igizo la kuchekesha kuliko hilo.

Mganda ulikua kando zote mbili za ziwa, kwa kuwa watu wa Likoma, Nkhata Bay, Liuli na Mbamba Bay walishavuka maji kwa mitumbwi kabla ya mkoloni kuchora mpaka. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa wameweka makao Likoma tangu 1885, na waumini, wanafunzi na walimu walikwenda na kurudi. Vijana waliotafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na kwenye migodi ya Afrika Kusini walirudi na mitindo mipya ya kutembea na kuvaa. Bendi ya shaba ilikuwa ghali, kwa hiyo malipenga yakatengenezwa kwa vibuyu: mchezaji anavumisha sauti yake ndani, utando mwembamba unatetemeka, na kundi zima linalia kama tarumbeta. Kinachobaki ni ngoma kubwa, kaptula nyeupe, soksi ndefu na nidhamu ya gwaride. Wanawake nao wana mchezo wao, kioda, wenye mistari na nyimbo zake.

Katika mganda vyeo ni vingi. Kuna kingi, kuna kepteni, kuna sajini, na kundi lililojipanga vizuri lina hata dokta na sista. Mtazamaji mgeni atadhani nyota ni kepteni, kwa kuwa macho yote yako kwake. Mwenyeji anajua kwamba kingi ndiye aliyehangaikia mwaliko, sare na chakula. Mambo haya yalikuwa na gharama. Baada ya mavuno, kundi la kijiji kimoja liliwaalika wenzao, likawalaza na kuwalisha, na msimu uliofuata wageni walidaiwa kurudisha. Ukiwa mgeni, ulicheza mbele ya watu wasiokuwa wako na ukaondoka na jina au aibu. Umati ndio uliokuwa jaji. Wazee walikuwa na neno, wanawake walipiga vigelegele au walinyamaza, na kunyamaza kwao kulitosha.

Watu wa New York wana tatizo lile lile la kumtambua nyota, ingawa wao wamelifungia kwenye kanuni. Tuzo zao za maigizo za Tony, zilizoanza 1947, zinatenganisha mwigizaji kiongozi wa tamthilia ya muziki na mwigizaji msaidizi, na kwa kawaida kinachoamua ni mahali jina lilipoandikwa kwenye tangazo: juu ya jina la mchezo au chini yake. Ndiyo maana mwaka 1952 Yul Brynner, aliyeigiza mfalme katika The King and I, alipewa tuzo ya msaidizi, huku Gertrude Lawrence akichukua ya kiongozi. Mfalme mwenyewe, msaidizi! Pale Liuli wangecheka, halafu wangeelewa mara moja.

Uhuru ulileta jaji mwingine. Desemba 1962 Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na katika hotuba yake alilalamika kwamba wasomi wanajua kucheza dansi za Ulaya lakini hawaijui gombe sugu, kiduo wala lelemama. Mganda ulikaa vibaya katika hesabu hiyo. Kaptula nyeupe na vyeo vya jeshi la mkoloni, je, huo ni utamaduni wetu? Kwa maoni yangu swali lenyewe lilikuwa na kasoro, kwa sababu kuiga kwa kukejeli ni kazi ya sanaa kama nyingine yoyote, na watu wa ziwani walikuwa wameshaufanya mganda kuwa wao kabla wizara haijazaliwa. Hata hivyo ngoma zilikaribishwa kwenye mapokezi ya viongozi na sherehe za taifa, kisha kwenye mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA. Hapo waamuzi wakawekewa meza na karatasi za alama. Kundi lililozoea kucheza mpaka jua lizame likapewa dakika chache.

Wakati huo huo, uchumi wa milimani ulikuwa ukiamua mambo yake. Umatengo unaishi kwa kahawa, na kahawa ikilipa, watu wanaweza kulisha wageni. Miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi na vyama vya ushirika vikayumba, mialiko ilipungua. Mtafiti Stephen Hill aliandika kuhusu ushindani na uchumi wa ngoma za Umatengo katika kitabu kiitwacho Mashindano!, kilichotoka mwaka 2000, na sura yake akaipa jina la Kiswahili: "Mchezo umelala". Unalala, haufi. Kingi asiye na unga wa kulisha wageni anakosa pa kuonyesha ukingi wake.

Wakati mchezo ukilala Mbinga, huko huko Umatengo, mtoto wa ziwa alikuwa akipanda jukwaa kubwa kuliko yote nchini. Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi, mwenye cheo hicho katika jeshi la JWTZ, aliongoza Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa na CCM mwaka 1992. TOT na mpinzani wake, Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, walikuwa ndiyo tamthilia ya muziki tuliyokuwa nayo: usiku mmoja ulipata ngoma, kwaya, igizo, vichekesho, sarakasi na taarabu. Mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga. Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano walirushiana mipasho, na aliyetunzwa zaidi alijua kura yake imehesabiwa. Noti zinapobandikwa kwenye paji la uso, jaji wa mezani hana kazi.

Kwa hiyo katika ukanda ambao kila kijiji kilikuwa na kepteni wa mchezo, alitokea kapteni wa kweli, na ubishi ukarudi kule kule: alikuwa mwimbaji bora, au alikuwa na chama nyuma yake? Jibu langu ni kwamba yote mawili ni kweli, na nyimbo za kampeni hazimpi tuzo. Mshindi wa kampeni anajulikana kabla ya kuimba. Oktoba 1999 ni jambo lingine. Nyerere alifariki tarehe 14 London, na katika siku za maombolezo nyimbo za Komba zilisikika redioni nchi nzima. Hapakuwa na mpinzani wa kumshinda. Hata wapinzani wa chama chake walizisikiliza kama zao. Komba alifariki 28 Februari 2015 akiwa mbunge wa Mbinga Magharibi, akazikwa Lituhi.

Majaji wengine walikuja na tuzo za muziki za taifa, zilizoanza 1999 na kwa miaka mingi zikijulikana kama Kili; ziliwahi kuwa na kipengele cha wimbo wenye vionjo vya asili. Wimbo, siyo mchezo. Kepteni wa mganda hana rekodi ya kupeleka, na mistari miwili ya watu wanaogeuka kwa pamoja haiingii kwenye studio.

Nikilazimishwa kupiga kura, kingi namnyima, kwa heshima zote za unga wake. Komba nampa kwa mwezi ule mmoja wa 1999. Lakini tuzo kubwa naipeleka kwa mwimbishaji wa kioda. Kepteni wa mganda ana malipenga ya kumbebea wimbo na ngoma kubwa ya kumficha anapokosea. Mwimbishaji anatunga maneno, anayatoa kwa sauti yake mwenyewe, anasubiri kuitikiwa, na miguu yake haina ruhusa ya kusimama. Akimsema mume mlevi au mwenyekiti wa kijiji, mhusika yupo pale pale uwanjani, anasikia, na kesho watakutana kisimani. Kwenye karatasi ya mwamuzi hayo yote yanaingia chini ya kichwa kimoja, "ujumbe", alama kumi.