Ukimaliza, Utarudi?

Jioni moja, nyumbani Nachingwea, dada yangu, mtoto wa mama mkubwa kutoka Ruangwa, alikaa barazani na simu mkononi akijaza maombi ya kwenda kusoma shahada ya pili nje ya nchi. Ya kwanza, ya kilimo, alikwishaichukua Sokoine, kule Morogoro. Mambo mengi yalikuwa tayari. Matokeo ya chuo yapo, wahadhiri wake wawili wamekubali kumwandikia barua za kumpendekeza, pasipoti iko ndani ya bahasha chini ya godoro. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Halafu akafika kwenye swali moja akakwama kama basi kwenye tope la masika. Fomu ilimtaka aeleze atarudi kuitumikia vipi nchi yake baada ya masomo.

"Sasa hapa niandike nini?" akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, babu, aliyekuwa amejinyoosha mkekani nasi tukidhani amelala, akadakia: "Hao wanakuuliza kwa maandishi. Mimi nakuuliza kwa mdomo. Mke wangu, ukimaliza, utarudi?"

Tulicheka, kwa sababu utani wa babu na mjukuu ndivyo ulivyo. Lakini dada hakujibu, na babu hakurudia. Mimi nikabaki na swali lile kichwani usiku kucha.

Ndugu msomaji, mimi nimeishia sekondari na fomu kama ile sijawahi kuijaza. Ila nina ugonjwa wa kusoma historia, na nilijua kitu ambacho dada yangu, pamoja na digrii yake, alikuwa hakijui: kwamba swali la babu si geni Nachingwea. Liliwahi kuulizwa hapa hapa, miaka ya 1960, na vijana waliokuwa na umri kama wetu. Tena liliulizwa wakati wa vita.

Tuanze na mahali penyewe. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wao mkubwa wa karanga. Wakafyeka misitu ya Nachingwea kwa matrekta, wakajenga bandari Mtwara na kuleta reli mpaka huku bara. Mashamba wakayapa namba. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Karanga zilizovunwa hazikulingana hata kidogo na fedha iliyozikwa. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikang'olewa. Lakini yale majina ya namba yalibaki, na moja kati yake likaingia katika historia ya Afrika: Farm 17. Hapo ndipo wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walipopewa na Tanzania mahali pa kufundishia wapiganaji wao. Walijifunza kupigana, walijifunza kusoma na kuandika, na chakula chao walilima wenyewe.

Kiongozi wa FRELIMO tangu ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 alikuwa Eduardo Mondlane. Hebu tumtazame mtu huyu kama msomi tu kwanza, kama mwombaji wa chuo. Alizaliwa mwaka 1920 Gaza, kusini mwa Msumbiji. Alipata nafasi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ikamfukuza nchini. Akaenda Lisbon, Ureno, nako polisi wakawa hawamwachi apumue. Akavuka bahari hadi Marekani, akamaliza shahada ya kwanza Oberlin mwaka 1953, akaendelea Northwestern, karibu na Chicago, mpaka akapata udaktari wa falsafa mwaka 1960. Akafanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Mwaka 1963 akaacha yote hayo, akaja Dar es Salaam kuongoza chama ambacho hakikuwa na kitu.

Huyo alirudi. Tena alirudi kwenye hatari, siyo kwenye cheo.

Sasa chama cha ukombozi kinahitaji watu wa aina mbili: wa kushika bunduki na wa kushika kalamu. Ili kuwapata wa kalamu, mwaka 1963 ilifunguliwa Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini, Dar es Salaam, chini ya mkewe, Janet Mondlane. Vijana waliovuka Ruvuma kwa miguu walisomea hapo sekondari, na baadhi wakapata ufadhili wa kwenda vyuo vya Ulaya na Marekani. Tarehe 25 Septemba 1964 vita ikaanza. Na hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa.

Msimamo wa chama ulikuwa kwamba masomo ni sehemu ya vita. Anayesomeshwa kwa jina la ukombozi awe tayari kuitwa wakati wowote, iwe kwenda Nachingwea kufundishwa uaskari au kwenda kufundisha wenzake. Lakini kule ng'ambo kulikuwa na vijana waliomaliza shahada ya kwanza, wakaomba kuendelea na ya pili, na ikiwezekana ya tatu. Barua za kuwaita nyumbani zilipofika, wapo walioona ni bora wabaki. Mwishoni mwa mwaka 1967 Mondlane aliandika waraka mkali kuwahusu. Kwa kifupi, aliwaona wanataka matunda ya mti ambao wengine wanaumwagilia kwa damu. Mwaka 1968 wanafunzi hao, kupitia umoja wao wa UNEMO, wakamjibu kwa waraka wao, nao ukali haukupungua. Kwao, waliosaliti mapinduzi walikuwa viongozi, siyo wao.

Msomaji, usiwe mwepesi wa kuchagua upande. Mimi nilipoanza kusoma habari hii nilikuwa upande wa Mondlane moja kwa moja. Mwenzako analala mahandakini Mueda, wewe unalala bwenini Marekani na blanketi mbili, halafu unaitwa unasema, "Ngojeni kwanza nimalize masta"? Nilikasirika.

Kisha nikajiweka kwenye viatu vya mwanafunzi. Nchi yake ilikuwa karibu haina daktari wala mhandisi Mwafrika. Mreno alihakikisha hivyo. Mpaka siku ya uhuru mwaka 1975, zaidi ya watu tisa kati ya kumi wa Msumbiji walikuwa hawajui kusoma. Mwanafunzi akijiuliza, "Nikiacha shule leo nikafe porini, kesho nchi hii itaendeshwa na nani?" je, huo ni woga mtupu? Na anayemwambia aache ni nani? Ni mtu aliyesoma hadi mwisho wa ngazi. Ngazi ikiwa imepandwa na mmoja, ni vigumu kuwashawishi walio chini kwamba wateremke.

Basi hapo ndipo palipokuwa na kidonda, na hakikutibiwa kwa maneno. Kurasini, wanafunzi walichachamaa. Padre mmoja wa Kimsumbiji, Mateus Gwenjere, akawa upande wao. Machi 1968 fujo zikalipuka na taasisi ikafungwa. Baadhi ya wanafunzi wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Rutamba, huku huku kwetu Lindi. Wengine wakatorokea Kenya wakitafuta shule. Na tarehe 3 Februari 1969 Mondlane mwenyewe akauawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Daktari wa falsafa akafa akifungua kitabu. Uongozi baadaye ukashikwa na Samora Machel, ambaye hakusoma chuo kikuu. Alikuwa muuguzi, na shule yake kubwa ilikuwa kambi.

Tusidhani ni mambo ya Msumbiji tu. Sisi wenyewe tulikuwa na yetu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, muda mwingi wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akapandwa na hasira, akawarudisha karibu 400 makwao. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Naye alikuwa amesoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akarudi kufundisha Pugu kabla ya kuiacha kazi hiyo kwa ajili ya TANU. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Ukimaliza Kidato cha 6 huendi chuo kikuu moja kwa moja, unafanya kazi kwanza. Utaratibu huo haupo tena, lakini wazo lake lilikuwa lile lile la babu: elimu ni deni, na mdai ni kijiji.

Wala si Afrika peke yake. Nilimwomba dada anisomee masharti ya ufadhili mbalimbali kwenye simu yake. Ule wa Chevening wa Uingereza unamtaka mtu arudi nchini kwake angalau miaka 2. Wa Jumuiya ya Madola nao unamtaka mwombaji aahidi kurudi. Fulbright wa Marekani unaendana na viza inayodai miaka 2 ya kukaa nyumbani. Kwa hiyo swali la Farm 17 halijafa. Limevaa suti tu, likaingia kwenye fomu.

Na majibu yake yako mengi mbele ya macho yetu. Hapo jirani, Lupaso ya Masasi, alitoka Benjamin Mkapa, akasoma Makerere, akachukua shahada ya pili Columbia, New York, mwaka 1963, akarudi, na kati ya 1995 na 2005 akawa Rais wetu. Ruangwa akatoka mwalimu Kassim Majaliwa, akasoma Dar es Salaam, kisha stashahada ya uzamili Stockholm, Sweden, mwaka 1999. Kuanzia 2015 hadi 2025 alikuwa Waziri Mkuu. Na Filipe Nyusi, aliyesomea utotoni kwenye shule ya FRELIMO kule Tunduru, alifika Brno kusomea uhandisi, akaongeza masomo ya uongozi Manchester, na baadaye akawa Rais wa Msumbiji. Huyo ndiye anayenifanya nifikiri zaidi. Shule ya porini na chuo cha Ulaya vilikutana ndani ya mtu mmoja. Kumbe vingeweza kukutana.

Tatizo la mwaka 1968, kwa jinsi ninavyoona mimi, ni kwamba pande zote mbili ziliuliza nusu ya swali. Wakubwa waliuliza, "Utarudi lini?" Vijana wakajibu, "Baadaye," bila kutaja siku, na neno hilo lisilo na tarehe ndilo linalowafanya wazee waamini kwamba mtoto amepotea. Lakini vijana nao walikuwa na haki ya kuuliza: "Nikirudi, mtaniweka wapi?" Walitaka kusikilizwa, wakapewa amri. Deni lina watu wawili. Mdai asiyeandaa mahali pa kupokelea malipo, naye ana kosa lake.

Asubuhi yake nilimsimulia dada habari hii tangu karanga mpaka bomu. Alisikiliza huku akichambua mboga, hakusema kitu. Jioni akachukua simu, akakaa pale pale barazani. Safari hii hakuandika yale maneno ya jumla ya kulijenga taifa. Aliandika kwamba anataka kusomea magonjwa ya mikorosho, kwa sababu amekua akimwona mama yake akipuliza salfa kila msimu kupambana na ubwiriunga, na kuna miaka salfa inachelewa na maua yanakauka. Aliandika kwamba Naliendele, Mtwara, kuna kituo cha utafiti wa korosho, na kwamba angependa kazi yake ya utafiti aifanyie kwenye mashamba ya Ruangwa. Akataja mwezi na mwaka atakaorudi.

Kisha akamgeukia babu. "Haya babu, nimejibu lako. Sasa na mimi nakuuliza. Nikirudi na masta yangu, mtanipa shamba nifanyie majaribio, au mtaniambia mtoto wa kike hana urithi wa mikorosho?"

Babu alikaa kitako. Akatafuta kofia yake, akaivaa, akaivua.

"Hilo," akasema, "nitawaita wajomba zako tuliongee."

Dada akabonyeza kitufe cha kutuma. Mtandao wa kwetu ukazunguka, ukazunguka, tukasimama wote watatu tukiikodolea macho ile simu mpaka maombi yalipokwenda. Majibu bado hayajaja. Kikao cha wajomba nacho bado hakijakaa, ila babu amekwishatuma salamu Ruangwa mara mbili.