Aliou Cissé: Nahodha aliyepoteza penalti, kocha aliyeleta kombe

ALIOU Cissé alizaliwa Machi 24, 1976 mjini Ziguinchor, kusini mwa Senegal, na kuhamia Ufaransa akiwa na umri wa miaka tisa. Akiwa kiungo mkabaji, alisakata soka katika klabu za Lille, Sedan, Paris Saint-Germain na Montpellier kabla ya kuvuka hadi Uingereza kuchezea Birmingham City na Portsmouth.

Mwaka wa 2002 ulimpa mengi na kumpokonya mengi zaidi. Februari 10 jijini Bamako, akiwa nahodha, alipoteza penalti ya mwisho katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na Cameroon ikatwaa taji kwa mikwaju 3-2. Mei 31 aliongoza Senegal kuwalaza Ufaransa, waliokuwa mabingwa wa dunia, 1-0 jijini Seoul, na Simba hao wa Teranga wakafika robo-fainali. Kisha Septemba 26 feri ya Joola, iliyokuwa ikitoka Ziguinchor kuelekea Dakar, ikazama na kuua zaidi ya watu 1,800. Miongoni mwao walikuwamo jamaa zake kadhaa.

Alikabidhiwa timu ya taifa Machi 2015 baada ya Mfaransa Alain Giresse kuondoka. Wapo wanaodai kwamba kilichombeba ni bahati ya kumkuta Sadio Mané. Hata hivyo, Mané huyo huyo alikuwa kikosini mapema mwaka huo Senegal ilipobanduliwa katika hatua ya makundi.

Katika Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, Cissé alikuwa kocha wa pekee mweusi miongoni mwa 32. Vijana wake walilingana na Japan kwa pointi na mabao, wakaaga mashindano kwa sababu tu walikuwa wameonyeshwa kadi nyingi zaidi za manjano.

Mashabiki wa Kenya wanamkumbuka kwa usiku wa Julai 1, 2019 jijini Cairo. Kipa Patrick Matasi alipangua penalti ya Mané na kuwapa Harambee Stars matumaini hadi mapumziko, lakini Senegal ikashinda 3-0 na Kenya ikafunganya virago. Senegal ilisonga hadi fainali, ikachapwa 1-0 na Algeria ya Djamel Belmadi, aliyekulia mtaa mmoja na Cissé nchini Ufaransa.

Kiu ilikatika Februari 6, 2022 jijini Yaoundé. Baada ya sare tasa dhidi ya Misri, Mané, aliyekuwa amepoteza penalti mapema katika mechi hiyo, alifunga mkwaju wa ushindi na Senegal ikapata ubingwa wake wa kwanza wa Afrika. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu Bamako.

Januari 2024 Senegal ilipoteza taji hilo ilipoondolewa na wenyeji Ivory Coast kwa penalti katika hatua ya 16-bora. Mkataba wa Cissé haukuongezwa Oktoba mwaka huo, na Machi 2025 akateuliwa kuinoa Libya.