Usitupe kibodi ya zamani: Jinsi ya kuitumia kwenye kompyuta ya kisasa

Una kibodi ya zamani stoo, ile nzito inayopiga kelele kila ukibonyeza? Usiitupe kwanza. Inaweza kufanya kazi kwenye laptop yako ya leo. Ila ukinunua adapta isiyo sahihi, utadhani imekufa kumbe ni nzima.

Kwa nini watu bado wanazitaka?

Mfano mzuri ni Model M ya IBM, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985. Chini ya kila kitufe kuna springi inayopinda ghafla unapobonyeza. Ndiyo inayotoa ule mlio, na kidole kinajua hapo hapo kwamba herufi imeingia. Kibodi nyingi za bei nafuu za leo hutumia mpira laini, ambao huchoka mapema.

1. Angalia plagi

Plagi ndogo ya duara yenye pini 6 ni PS/2, iliyokuja na kompyuta za IBM mwaka 1987.

Plagi kubwa ya duara yenye pini 5 ni ya zamani zaidi. Hapa kuwa makini, kwa sababu kuna aina mbili zinazofanana kwa macho: XT ya mwaka 1981 na AT ya mwaka 1984. Kibodi ya XT hutuma tu, haipokei chochote kutoka kwenye kompyuta. Ya AT hutuma na kupokea, ndiyo maana kompyuta inaweza kuwasha taa ya Caps Lock.

Kama ni Model F ya IBM, hesabu vitufe: 83 ni XT, 84 ni AT.

2. Chagua adapta sahihi

AT na PS/2 zinatumia lugha moja, tofauti ni umbo la plagi tu. Kwa hiyo adapta ya kawaida ya kubadilisha plagi inatosha kati ya hizo mbili.

Kwenda USB ni habari nyingine. Vile vipande vidogo visivyo na chipu ndani hufanya kazi tu kwa kibodi zilizotengenezwa kuelewa lugha zote mbili. Model M za zamani haziielewi USB. Unahitaji adapta yenye chipu ya kutafsiri. Na kama kibodi yako ni XT, hakikisha adapta inasema wazi kwamba inakubali XT, nyingi hazikubali.

3. Zima kwanza

Kama kompyuta yako ina tundu la PS/2, izime kabla ya kuchomeka au kuchomoa. PS/2 haikutengenezwa kuchomekwa umeme ukiwa unawaka kama USB, na unaweza kuunguza tundu. Ukitumia adapta ya USB, unganisha kibodi na adapta kwanza, ndipo uchomeke USB.

4. Hakuna kitufe cha Windows?

Model M za mwanzo hazina. Bonyeza Ctrl na Esc kwa pamoja, menyu ya Start itafunguka. Ukitaka kitufe kamili, programu ya bure ya Microsoft iitwayo PowerToys inaweza kugeuza Caps Lock kuwa kitufe cha Windows.

5. Kabla ya kununua ya mtumba

Itikise. Ukisikia vipande vinacheza ndani ya Model M, huenda riveti za plastiki zimekatika. Inatengenezeka kwa kuweka skrubu ndogo, lakini ni kazi ya saa kadhaa, kwa hiyo punguziwa bei. Pia jaribu kila kitufe, si herufi tu.

Je, inakubali simu?

Ndiyo, kama simu yako inakubali OTG na una ile adapta yenye chipu. Lakini kibodi hizi hula umeme mwingi kuliko za leo, na baadhi ya simu hazitoi wa kutosha. Ikigoma kwenye simu, ijaribu kwenye kompyuta kabla ya kuihukumu.